Njia ya Kurudisha Picha

Moto uliunguza chumba cha kompyuta cha hospitali kikawa majivu, lakini picha za wagonjwa zilipona. Ng'ambo ya mji palikuwa na mashine pacha, inayonakili kila kilichomo kwenye diski za hospitali, papo hapo. Fundi aliyeitunza alitembea kifua mbele. Humo zilikuwemo picha za mapafu ya mkewe tangu augue, na daktari wa upasuaji alishasema: bila za zamani za kulinganisha, hashiki kisu.

Mkuu wa kompyuta hospitalini alikuwa kaka wa mke huyo. Mashemeji hawa hawakusemezana tangu walipogombana kwenye msiba wa mama mkwe. Kazi ikiwalazimu, walimtuma mgonjwa.

Diski mpya zilipofungwa, mke akapiga simu kutoka wodini.

"Kaka anasema ziko tayari. Urudishe picha."

Njia ya kunakili ilitoka hospitali kuja kwa fundi. Kabla ya kurudisha chochote, lazima mmoja wao aigeuze.

"Kasema kitu kingine?"

"Hapana. Nimwulize?"

"Umwulize nini? Si ndiye mkuu? Kazi yake anaijua."

"Jamani, mimi mgonjwa au posta?" Akacheka, kikohozi kikamkatiza.

Fundi akaiamuru mashine ianze kunakili; ikamwuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo.

Alitarajia kuona diski za hospitali zikijaa. Badala yake, zake zikaanza kuwa tupu. Pacha alikuwa mwaminifu: alinakili utupu wa diski mpya za hospitali kama alivyonakili kila kitu. Fundi alipong'oa waya, mapafu ya mkewe yalikwisha kwenda na maji. Nakala nyingine haikuwapo. Bodi ya hospitali ilishasema moja inatosha.

Simu ikalia. Shemeji mwenyewe.

"Wewe, hukugeuza njia?"

"Mimi? Mtambo uliofufuka ni wako, kugeuza ni juu yako!"

"Nani kasema? Anayetuma ndiye anayegeuza!"

"Ungeuliza!"

"Na wewe mdomo ulikuwa umeshonwa?"

Walitukanana mpaka sauti zikawakauka. Simu haijapoa mkononi, ikalia tena. Mke.

"Baba watoto, daktari yupo hapa. Anasema picha zangu hazionekani. Nimwambie asubiri?"

Fundi akatazama ile mashine, taa zake zote za kijani.

"Mwulize kaka yako," akasema.