Marehemu Alifungua Barua Zote Tatu

Jumatatu saa tatu asubuhi, Ghati, karani wa kompyuta, alikuwa anafuta vumbi la malori kwenye kibodi wakati Bibi Waisiko alipoingia ofisini akiwa na kigingi chekundu mkononi. Alikuwa ameking'oa kwenye mihogo yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani kapigilia hiki shambani kwangu bila hata hodi?"

Sadock, msimamizi wa ofisi hiyo ya kuwahamisha watu wa Nyangoto kupisha mgodi, hakuinua macho kwenye simu yake. "Notisi zilitumwa kwa barua pepe kwa kila mkuu wa kaya. Siku thelathini za kupinga ziliisha Ijumaa."

"Barua pepe? Mimi simu yangu ina tochi tu."

Ghati alifungua dirisha jeusi la amri, lile ambalo Sadock aliliogopa kwa sababu halina vitufe vya kubonyeza. Alitoa orodha ya waliojiunga kupokea notisi, akaiweka kwenye faili, kisha akaandika amri ya kutafuta jina: grep -i waisiko wanachama.txt. Kompyuta haikuleta kitu. Akaandika jina la mumewe, Nyamhanga. Ukatokea mstari mmoja: amejiunga, ametumiwa barua tatu, amefungua zote tatu.

"Ana miaka kumi na moja kaburini," alisema Waisiko. Halafu akakumbuka. Vijana wa takwimu walipopita waliuliza mwenye mji ni nani. Yeye hakujaliwa mtoto. Baada ya mazishi alimtolea Bernadetha ng'ombe kumi na wawili akamwoa, kama wanawake wa Kikurya wasio na watoto wanavyofanya, na watoto wa Bernadetha wanaitwa kwa jina la marehemu. Kwa hiyo alilitaja jina hilo kwa fahari, kama anavyolitaja shuleni na kanisani. Vijana wakamfungulia marehemu anwani ya barua pepe.

Kwa kuwa alikuwa ametafutwa, Nyamhanga alifika baada ya dakika chache. Alikuwa na udongo mabegani, na suti aliyozikwa nayo ilimbana kidogo. Waisiko alisogea kwenye benchi kumpa nafasi.

"Barua ulizipata?"

"Nilizipata. Kule chini mtandao haukatiki kama huku kwenu."

"Ukanyamaza! Nilikuvumilia miaka thelathini hujibu, na huko nako hujibu?"

"Zimeandikwa usijibu barua hii," alisema Nyamhanga, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kufuata maelekezo.

Sadock alimsogezea daftari. "Basi notisi ilipokelewa. Mzee, weka saini hapa."

Nyamhanga akasaini. Mwandiko wake ulikuwa bado mzuri.

Ghati alirudi kwenye dirisha jeusi. Orodha ilikuwa na wanachama mia nne na kumi na wawili. Aliilinganisha na faili la mazishi ambalo katekista alilitunza parokiani, na majina mia moja thelathini na manane yakapatikana kwenye mafaili yote mawili. Akayapanga. Kabla ya saa sita wenye majina walianza kufika, wa kijiji jirani cha Genkuru wakichanganyika na wa Nyangoto, na foleni yao ilifuata alfabeti hadi getini. Walikuwa wapole. Kila mmoja aliuliza kama makaburi nayo yatahamishwa, na hakuna ofisini aliyejua.

Ghati aliichapisha orodha yao akaibandika mlangoni. Kisha akamwingiza Waisiko kwa amri moja fupi. Kompyuta ikakubali: mwanachama mpya, kuanzia leo. Lakini Ijumaa ya mwisho wa kupinga ilibaki kuwa Ijumaa.

Tingatinga lilikuja Jumatano, kama ratiba ilivyosema, likaanza na mihogo. Waisiko na Bernadetha walisimama barabarani na watoto na magodoro. Nyamhanga alisimama nao, kisha akaondoka, kwa sababu anwani yake ilikuwa imefutwa.

Mchana huo makao makuu walipiga simu. Hawakuipinga ile idadi ya marehemu. Walitaka barua ya radhi kutoka kwa Ghati, kwa kubandika taarifa za wanachama bila idhini.

"Mistari miwili tu, dada," alisema Sadock, na safari hii alikuwa ameweka simu chini. "Andika unaomba radhi kwa usumbufu. Kazi utabaki nayo. Una diploma, una mama anakutegemea. Utaenda wapi?"

"Sijui."

"Sasa?"

"Siandiki. Walikuwepo kwenye orodha, nikawatafuta, wakaja. Siombi radhi."