Lililo Sahihi Zaidi

Jana baada ya chakula cha mchana nilijilaza na kitabu cha sarufi kifuani na simu kando ya mto, nikaota niko kwenye chumba cha mtihani. Msimamizi alikuwa ufutio mkubwa kama godoro, na alikuwa na haraka.

"Nelima," alisema, "umebakiwa na swali moja."

Swali lilikuwa limelazwa sakafuni, refu kama benchi: *Baba na mimi ______.* Kwenye nafasi iliyoachwa wazi alikaa baba yangu mwenyewe, kofia gotini, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Hatujasemezana miaka miwili, tangu aliponicheka mbele ya wageni kwamba nimerudi shule na mvi kichwani.

Majibu manne yamejipanga ukutani. A ni *tunaongea*. B, *tuliongea*. C, *tungeongea*. D, *hatuongei*.

"Lipi sahihi?" nauliza.

"Kisarufi, yote," msimamizi anajibu. "Chagua lililo sahihi zaidi."

Namkimbilia C kwa sababu anaonekana mpole. Anarudi nyuma.

"Mimi sisimami peke yangu, dada. Lazima useme *kama* nini. Kama angekuomba radhi? Kama ungemsamehe?"

"Sijui nani aanze."

"Basi siwezi kukusaidia."

Sasa chumba ni kinu cha posho cha baba. Mashine ya kusaga inanguruma, majibu yamepanga foleni na magunia ya mahindi. D hakusubiri zamu yake. Ananikalia mapajani. Ni mzito, lakini nimemzoea.

"Muda unaisha," msimamizi anasema, na anaanza kufuta swali. Anafuta *na*. Inabaki *Baba mimi*. Kisha anaingia kwenye *Baba*. Viatu vya baba vinatoweka, halafu miguu, hadi magotini. Baba anaitazama nafasi ilipokuwa miguu yake.

Namsukuma D, namvuta A kutoka kwenye foleni.

"Lakini si kweli," D ananiambia. "Hamuongei."

"Najua," nasema, na namtia A kivuli mpaka penseli inavunjika.

Msimamizi akaacha kufuta. Baba akakohoa.

Nikaamka. Simu ilikuwa imebanwa sikioni mwangu, ya moto. Nilipoitazama ilionyesha kwamba nilikuwa nimempigia baba, na kwamba tulikuwa hewani kwa dakika kumi na moja.

"Ulikuwa unasema," sauti yake ilisema. "Endelea."