Idi ya Jumatano

Shule ya Mtaa wa Lubin ilijengwa na Wapolandi waliokuja Amerika kufanya kazi katika kiwanda cha magari. Mwalimu mkuu wa kwanza, Mjerumani, aliwachapa watoto waliokosa masomo ili kwenda kanisani kwenye sikukuu yao, Siku ya Watakatifu Wote. Mmoja wa watoto hao alikuwa bibi wa Halina Wojtas, mwalimu mkuu wa sasa. Kiwanda kilipofungwa Wapolandi wengi walihama. Wakaja Wayemeni, kisha Wabengali. Halina alipopewa uongozi aliweka desturi moja: Idi ni mapumziko kwa wote, siku moja.

Mwaka huu aliwapa Jumanne. Jumatano ilikuwa siku ya hesabu ya wanafunzi: serikali hupanga fedha za mwaka kwa idadi ya watoto waliokaa darasani siku hiyo mpaka kengele ya mwisho. Wakipungua, darasa la wageni wasiojua Kiingereza lingefutwa, na mwalimu wake Mbengali, Nasreen Talukdar, angeachishwa kazi.

Jumatano asubuhi nusu ya madawati yalikuwa matupu.

"Wabengali wako wapi?" Halina alimuuliza karani wake Myemeni, Wafa.

"Wanasali Idi."

"Idi si ilikuwa jana?"

"Kwetu jana. Wao hawakuuona mwezi."

"Ulipiga simu wapi kuuliza?"

"Msikitini kwetu."

"Na kwao?"

Wafa alipangapanga kalamu zake. "Sikuwaza kama wana mwezi wao."

Halina hakuwa na nguvu ya kukasirika. Alimpigia Nasreen. Nyuma ya sauti yake kulisikika sahani na kelele za watoto.

"Idi njema, dada. Leo ni siku ya hesabu."

"Najua, mwalimu mkuu. Jana mlinipa likizo, nikashinda nyumbani na saumu yangu."

"Mwezi wenu hauwezi kufuata kalenda?"

"Muulize Wafa. Wa kwao ndio wenye haraka."

"Siwezi kukuomba uwatoe watu kwenye sikukuu."

"Hujaniomba. Nitawaambia tu ni darasa gani litafutwa."

Kabla ya saa nne watoto wa Kibengali walianza kufika, wamevaa nguo mpya, hina mikononi, na mama zao nyuma wakibeba mabakuli ya tambi. Wengine walikuwa wamenuna. Nasreen aliingia darasani na sari yake ya Idi, akafuta ubao, akaandika tarehe.

"Mwalimu, leo si Idi?" msichana mmoja aliuliza.

"Ni Idi. Fungua daftari."

Halina alipita darasa hadi darasa akihesabu, kisha akahesabu tena. Kengele ya mwisho ilipolia, Nasreen alikuja ofisini, akakaa, akavua viatu.

"Tumetosha?"

"Tumetosha. Kwa mwaka huu."

Wafa alimwekea bakuli la tambi, zimeshapoa na kugandana. "Mwakani nitapiga simu mbili, dada. Wallahi."

"Piga. Na miezi yetu ikipishana tena?"

Nasreen alikula vijiko viwili, akasukuma bakuli.

Nje watoto walikuwa wakitoka mbio, jua likielekea magharibi. Halina aliwatazama dirishani. Bibi yake alichapwa kwa kwenda kwenye sikukuu yake. Hawa wameiacha yao wenyewe, na hakuna aliyeshika fimbo.

"Nenda nyumbani, dada," alisema.

"Nyumbani wameshamaliza," Nasreen akajibu, akainama kutafuta viatu vyake.