Weupe kwenye Karai

Karai lilirudi Jumatatu asubuhi, limesuguliwa kwa majivu mpaka linameta, na ndani yake mayai ya kienyeji yamefunikwa kwa kipande cha jani la mgomba. Huku hakuna anayerudisha chombo cha jirani kikiwa kitupu. Mwanaheri alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamuulizia mtoto aliyebatizwa, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Immakulata alipopita tu kwenye uwazi wa ua wa minyaa kurudi kwake, Mwanaheri akayatoa mayai, akaliinua karai na kulinusa.

Halikunuka kitu. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Karai limekaangiwa nyama ya sherehe nzima, lisinuke hata kitunguu? Mtu hasugui namna hiyo kama hana la kuficha. Akaligeuza juani, akalikagua kama anayenunua mbuzi mnadani, na kasoro akaiona. Chini ya mkono mmoja, pale uliposhikizwa kwa misumari, palikuwa na utando mwembamba ambao majivu hayakuufikia. Akaukwaruza kwa ncha ya kisu.

Ulikuwa mweupe, umeganda kwa baridi ya Juni.

"Astaghfirullah," akasema, akakitupa kisu kwenye mchanga.

Tumtendee haki: Mwanaheri si mwanamke mbaya. Baba yake alikuja Kasulu kutoka Pangani akiuza vitambaa, akaoa hapa na akazikwa hapa, na yeye mwenyewe alipofiwa na mume alishika unga na karai, akamsomesha mwanawe Khatibu kwa maandazi. Wanaotoka swala ya alfajiri hununua kwake. Wanaokwenda Kabanga kutazama wagonjwa husimamisha bodaboda mbele ya meza yake. Siku itakaposikika kwamba karai la Mama Khatibu limeonja nguruwe, hata kama ni kiasi cha ukucha, meza ile ataigeuza kuni. Ndiyo maana alikitupa kisu.

Na upande wa pili wa minyaa nguruwe walikuwepo, tena wanene. Wazazi wa Immakulata walivuka mpaka pale Mabamba wakikimbia Burundi, yeye akiwa mgongoni. Sasa alikuwa raia mwenye kitambulisho, na shamba la muhogo na maharage, na banda la nguruwe nyuma ya nyumba. Kwa ubatizo wa mjukuu wake, mtoto wa binti yake Aline, alichinja nguruwe kwa ajili ya ndugu zake. Akanunua na nyama ya ng'ombe, akasema ni kwa ajili ya wageni Waislamu, na karai akaliazima kwa sababu ya nyama hiyo. Hivyo ndivyo alivyosema. Mwanaheri mwenyewe alikwenda kwenye sherehe kidogo tu, akatoa kanga ya zawadi, akanywa soda, akasingizia kichwa, akarudi kwake. Jikoni hakufika. Sasa alijilaumu kwa nini hakufika jikoni.

Siku hiyo hakukaanga. Wateja waliouliza aliwaambia karai limetoboka.

Kesho yake akasikia kisu kikigonga ubao upande wa pili, harakaharaka, na akajua Immakulata anakata mafuta ya yule mnyama. Akachukua kapu, akainama chini ya minyaa kutafuta mayai mahali ambapo hakuna kuku aliyewahi kutaga tangu ua ule upandwe.

Aliona vizuri. Immakulata alikaa kwenye kigoda, amekata mafuta ya mgongo na ya tumbo vipande vidogo vya ukubwa wa kete za bao. Alivitia kwenye sufuria iliyobonyea ubavu, akamimina maji kidogo ili visishike chini, akaviweka juu ya makaa, si juu ya ndimi za moto. Alikoroga polepole kwa mwiko mrefu. Maji yalipokauka sauti ilibadilika, ikaacha kutokota ikaanza kuchachatika, na vipande vikanywea, vikageuka rangi ya asali. Akaviopoa, akavinyunyizia chumvi, akakitafuna kimoja huku amefumba macho. Mafuta akayachuja kwa kitambaa ndani ya kopo. Harufu ikavuka ua, na kusema kweli ilikuwa harufu nzuri. Hilo lilimkasirisha Mwanaheri kuliko yote.

Lakini jicho lake lilinasa kwenye mwiko. Kwenye mpini ulifungwa uzi mwekundu. Wa nini? Mwanamke jikoni kwake mwenyewe, anaweka alama kwenye mwiko kwa ajili ya nani? Akalala na uzi ule kichwani, akaamka nao. Mara ni dawa, mara ni kago, mara ni mambo ya huko kwao. Jambo moja tu halikumpitia akilini, kwamba mwenye mwiko mmoja hahitaji alama.

Halafu kulikuwa na suala la maharage. Kila Jumapili baada ya misa, Immakulata huleta sahani ya maharage iliyofunikwa, ya moto. Siku ya kwanza kabisa, walipokuwa majirani wapya, alisema, "Mama Khatibu, nimekutengea. Chakula chako kina chombo chake." Mwanaheri akajibu, "Alhamdulillahi," akaipokea sahani, akaizungusha nyuma ya migomba na kuwamwagia kuku. Nani anatenga chombo kwa ajili ya jirani aliyemjua juzi? Jumapili iliyofuata akafanya vilevile, na iliyofuata hiyo, na miaka ikapita. Sahani huirudisha na maandazi moto, wanacheka kwenye uwazi wa ua, wanaulizana habari za watoto. Kuku wake walikuwa na afya kuliko kuku wote wa mtaa ule.

Jumatano hakuweza tena kuvumilia. Akaenda dukani kwa Asia kununua karai jipya, na Asia, ambaye hupima sukari kwa mkono na maneno kwa debe, akauliza la zamani limepatwa na nini.

"Niliazimisha," Mwanaheri akasema.

"Kwa nani?"

Angeweza kunyamaza. Badala yake aliegemea kaunta, akashusha sauti, akasimulia yote: weupe, mwiko, uzi mwekundu. Akamalizia, "Lakini usimwambie mtu, mdogo wangu. Ni jirani."

"Mimi tena!" Asia akasema, akajipiga kifua. "Maneno yameingia kaburini."

Basi kaburi lile halikuwa na udongo. Alhamisi mwanamke mmoja alikuja kwa Immakulata kuchukua chekecheke lake ambalo lilikuwa halijamaliza hata kazi. Mwingine aliyeazima kinu cha Immakulata akakirudisha, akakiweka nje ya ua bila kupiga hodi. Ijumaa watu walikuwa wakisema kwamba mama yule wa nguruwe hufanya makusudi, huazima vyombo vya Waislamu ili avichafue, na kwamba ana uzi wa kazi hiyo. Mwanaheri aliyasikia haya mezani kwake, akikaanga kwenye karai jipya, na kila aliyenunua alimpa pole. Maandazi yaliisha mapema. Angefurahi, lakini mate yalikuwa machungu mdomoni. Alijiambia kwamba ukweli ni ukweli hata ukiuma.

Jumamosi asubuhi Immakulata akaja. Hakupita kwenye uwazi wa ua kama siku zote. Alizunguka njia ya barabarani kama mgeni, akasimama mlangoni na kubisha hodi.

"Mwakeye, Mama Khatibu."

"Karibu, Mama Aline. Karibu ndani."

"Oya, siingii. Lete karai lako, twende kwangu."

Mwanaheri akatafuta udhuru, akaukosa. Alilitoa karai la zamani nyuma ya mlango, akafuata. Hakuwahi kuingia jiko la Immakulata tangu wajuane. Siku zote alisimama kizingitini, akisema moshi unamwumiza macho.

Immakulata alilichukua karai, akaliweka kwenye benchi penye mwanga. Pembeni yake akaweka kopo la mafuta aliyoyeyusha Jumanne. Baridi ya usiku ilikuwa imeyafanya meupe kama uji wa mchele.

"Haya ni ya nguruwe," akasema. "Usiyaguse, tazama tu." Akabonyeza kwa kidole gumba, na kidole kikazama bila nguvu, mafuta yakalainika na kung'aa pembeni ya ukucha. Akanawa mikono kwa sabuni, akaifuta. "Sasa kwaruza hayo ya kwako."

Mwanaheri akakwaruza chini ya mkono wa karai. Utando ukakatika vipande vikavu, kama mshumaa.

"Hayo ni mafuta ya ng'ombe. Yakiganda huwa magumu, yanashika mpaka kwenye paa la mdomo. Ng'ombe wa Nurudini, binamu yako. Alichinja yeye, akaileta nyama yeye, na wakati inakaangwa alikaa palepale kwenye gogo akila na pilipili. Ungeniuliza mimi. Kama huniamini mimi, ungemuuliza yeye. Ukaenda kumuuliza Asia."

Mwanaheri alikuwa amekula mafuta ya ng'ombe tangu utotoni, yakiwa ya moto, ndani ya mchuzi. Ya nguruwe hakuwahi kuyatazama kwa karibu hata siku moja, kwa hiyo kila kilichoganda na kuwa cheupe kwake kilikuwa nguruwe.

"Na uzi?" akauliza kwa sauti ndogo, maana shaka ina kiburi chake.

Immakulata akaonyesha kidole pembe ya pili ya jiko. Kulikuwa na mafiga mengine, madogo, yaliyofagiliwa. Juu yake, kwenye boriti, kilitundikwa chungu kwa kamba, kimefungwa kanga iliyofifia. Mwanaheri aliitambua kanga ile. Ilikuwa ya kwake, aliitoa zawadi mwaka walipojuana. Kando ya chungu ulichomekwa mwiko usio na uzi.

"Watoto wanaita jiko la Mama Khatibu," Immakulata akasema. "Mwiko wa nguruwe nimeufunga uzi ili hata mtoto mdogo asikosee. Aline niliwahi kumchapa kwa sababu alichotea maji kwenye chungu hiki. Maharage yako yamepikwa humu. Kila Jumapili."

Mwanaheri akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alikumbuka migomba, alikumbuka kuku.

"Niliona," Immakulata akasema, kana kwamba amesikia. "Mwaka ule wa kwanza niliona kuku wako wanavyokimbia. Nikasema labda chumvi yangu imezidi, watu wa pwani hawapendi chumvi. Nikapunguza. Nikaona tena. Nikasema labda hapendi mawese, nikaacha mawese. Nikabadili mbegu, nikapanda yale ya njano. Nilifikiri ipo siku nitapata ladha yako. Sikufikiri kwamba unaniona mwongo. Hilo nimelijua juzi, kinu changu kilipowekwa nje."

"Mama Aline," Mwanaheri akasema, na machozi yalikuwa yamekwisha kumtoka, "nimekukosea. Nitakwenda kwa Asia, nitakwenda mpaka msikitini nikawaambie akina mama wote. Nisamehe, dada yangu."

"Ego, sawa. Nenda ukawaambie." Immakulata akavua kandambili, akapanda juu ya benchi, akakifungua chungu kwenye kamba. "Nimekusamehe. Wallahi, kama msemavyo, nimekusamehe. Mimi siwezi kulala na chuki, tumbo linaniuma."

Alishuka na chungu mikononi, akaikunja kanga vizuri mara nne, akamwekea Mwanaheri mapajani. Kisha akaenda kwenye beseni lililofunikwa, pale palipokuwa na mafuta mabichi ya nguruwe yaliyobaki, yametiwa chumvi na kukatwa tayari, ya ukubwa wa kete za bao.

"Mama Aline, usifanye hivyo."

"Sufuria yangu imebonyea," Immakulata akasema. "Chungu nakihitaji."

Akavimwaga vipande ndani ya chungu, akaongeza maji kidogo ili visishike chini. Akakiweka juu ya makaa. Akachukua mwiko usio na uzi, akaanza kukoroga polepole. Hakuwa na hasira usoni. Mwanaheri angeshukuru kama ingekuwepo. Alikaa pale mpaka sauti ilipobadilika na kuanza kuchachatika, ndipo akainuka na kanga yake na kutoka.

Aliitimiza ahadi. Jioni ileile alikwenda kwa Asia na kumwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba yeye Mwanaheri ndiye aliyesema uongo. Alikwenda kwa kila aliyerudisha au kudai chombo. Wengine walimwamini. Wengine walimtazama kwa jicho la pembeni, wakajiuliza jirani yule amemlisha nini mpaka ageuke hivi, na Mwanaheri aliijua sura ile, maana ilikuwa yake.

Jumapili aliamka akakaanga maandazi, akachagua yaliyoumuka vizuri, akayafunika. Alisikia kengele ya kanisa, kisha watu wakirudi wakiongea. Immakulata alipita barabarani, akamsalimu kwa heshima zote, akaulizia Khatibu, akaingia kwake. Mwanaheri akaketi uani na sahani mapajani. Alikuwa ameapa kwamba leo atakula maharage mbele yake, mpaka punje ya mwisho, kwa mkono wake.

Saa ya maharage ilifika. Kuku wote wakatoka nyuma ya migomba, wakaenda kusimama kwenye uwazi wa ua, wakingoja. Mwanaheri aliwafukuza, wakarudi. Akawafukuza tena. Mwishowe alinyanyuka, akaenda akasimama nao.