Swali Gumu kwa Sekunde Tatu

Mwalimu Ambrosi alitufundisha masomo ya jioni pale mtaani kwetu Ramadhani kwa kupiga vidole. Anasoma swali, vidole vikilia uwe umeshajibu. "Haya nimeyatunga mwenyewe," alisema, "ni ya mazoezi tu." Nikamwamini. Niliyakariri hata nikimnyonyesha Rejoice, mpaka dada yangu Emilia akanicheka: "Huyu mtoto neno lake la kwanza litakuwa 'jibu ni C'."

Nilitaka kitu kimoja: nafasi ya chuo cha maabara. Mtihani ulifanyika Makambako, kwenye kompyuta. Ukipatia, inakuletea swali gumu zaidi; ukikosa, inakushusha kwenye jepesi.

Nilipomaliza sikuona alama. Yalitokea maandishi mekundu: Subiri msimamizi.

Msimamizi, Mama Idda, akavuta kiti. "Tazama, mwanangu. Swali gumu kuliko yote umelijibu kwa sekunde tatu. Kulisoma tu ni nusu dakika. Hili jepesi umelikalia dakika mbili. Mashine inapima na muda. Uliyaona wapi?"

"Ni ya mazoezi, mama. Katunga mwalimu wetu."

"Haya ni ya mtihani wetu."

Nikatoka nje, nikampigia Mwalimu.

"Kamwene, Mama Rejoice! Umewakomesha?"

"Mwalimu, yale maswali uliyatoa wapi?"

Kisha akacheka kidogo. "Si nilitaka upite? Una mtoto mchanga, shule uliiacha kidato cha pili. Bila hivyo ungewezea wapi?"

Miezi minane nilikaa dawati la mbele. Miezi minane akiwaambia wenzangu, "Huyu ana kichwa!" Kumbe.

Nikarudi ndani, nikamtaja. Halafu nikasema, "Nipe maswali mengine, mama. Ambayo hayajaonwa na mtu."

"Utaratibu unaruhusu kurudia mara moja tu. Ukishindwa, basi."

Nikakaa. Mkono ulitaka kurukia jibu kabla sijamaliza kusoma. Nikaushika kwa mwenzake. Mengine nilikosa, nikayaona kabisa maswali yakishuka, machozi yakanijia. Nikasoma linalofuata, taratibu, mpaka mwisho.

"Umepita," Mama Idda akasema. "Si kwa mbali, lakini umepita. Na muda wako ni wa mtu anayefikiri."

Kwenye simu nikakuta ujumbe wa Mwalimu. Hakuuliza nimefikia wapi. Aliandika: Umenitaja?

Nikamjibu: Ndiyo. Na nimepita.