Mkono Usionawa

Tangu mashine ya mkonge imle mkono wa kulia, Mzee Bwanausi wa Kaole hakuonekana tena akila. Wali ukipakuliwa, alichukua sahani yake, akaingia chumbani, akatia komeo. Huko alikula kwa mkono wa kushoto, huo huo wa chooni, na aibu yake ikabaki baina yake na kuta. Kwenye harusi na khitima za watu alifika mapema, akasaidia kutandika majamvi, na sinia likitua tu, yeye huyo anainuka. "Kuleni jamani, mimi nimeshiba." Ameshiba! Mtu ambaye tangu asubuhi hata chai hajaionja!

Shehe alimwambia mara ngapi kwamba mwenye udhuru hana lawama, ale tu na wenzake. Mzee akamjibu, "Mungu kanisamehe, shehe. Mimi ndiye sijajisamehe." Basi, watu wakamwacha. Ukaidi wake ulijulikana mpaka Mapinga.

Mwanawe Mtoro alikuwa Dar, chuo kikuu, akisomea uhandisi. Ilipofika zamu ya kila mwanafunzi kuchagua utafiti wake, wenzake walichagua pampu na matofali ya udongo. Mtoro akachagua mkono wa bandia. Walimtania kwamba anataka kuumba watu, naye akacheka nao. Hakumwambia mtu kuhusu lile komeo.

Aliutengeneza kwa bati la aluminiamu, vidole vikivutwa na waya za breki za baiskeli, na ncha zake akazivika mpira wa tyubu ili zisiteleze. Ndani ya kiganja aliweka mota iliyotoka kwenye redio ya kaseti mbovu. Betri zilikaa kiunoni, na swichi kwapani: ukibana kwapa, vidole vinafumba; ukilegeza, vinafumbua. Katika karakana ya chuo aliujaribu kwa sifongo, kisha kwa mayai, kisha kwa wali wa bwaloni. Siku ulipofinyanga tonge bila kulimwaga, Mtoro alitoka nje akalia peke yake.

Wakati huo dada yake Ashatu alikuwa amekwisha kuposwa na kijana wa Bagamoyo mjini, mtoto wa Mzee Sadallah. Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Kwenye harusi ya jirani unaweza kusema umeshiba. Lakini baba wa bibi harusi atawaambiaje wakwe zake kwamba ameshiba? Ukikataa kula nao sinia moja, umewakataa wao. Ashatu hakuwa na raha, na siku moja alimwambia kaka yake waziwazi, "Baba akiinuka siku ile, mimi sitakuwa na uso wa kuingia nyumba ya watu."

Mtoro akauleta mkono. Mzee aliuvaa, akaugeuzageuza, akaufumba na kuufumbua.

"Mwanangu," alisema, "hiki chuma kinanitii kuliko wewe ulipokuwa mdogo."

Walifanya mazoezi chumbani, baba na mwana, mlango umefungwa, mpaka matonge yakaacha kudondoka. Mtoro alimpa sharti moja tu. "Baba, usiuloweshe. Maji yakiingia, umeharibika. Mimi nitaupangusa kwa kitambaa safi kabla ya chakula."

Mzee aliendelea kuvifumba na kuvifumbua vidole. Mtoro akadhani ameelewa.

Nikaha ikasomwa, na majamvi yakatandikwa. Mzee Bwanausi aliketi ubavuni mwa Mzee Sadallah, kanzu imenyooka, mkono wa chuma umetulia gotini, na wanawake wakawa wanamchungulia mlangoni. Ashatu hakuruhusiwa kutoka, lakini alipelekewa habari: baba yako amekaa! Biriani likaletwa. Akapita Kibwana, jirani yao, na birika na bakuli, akiwanawisha watu mmoja mmoja. Mzee Sadallah akanawa. Kibwana akasogea, akasita, akataka kumruka Mzee Bwanausi kwa heshima.

Mtoro alikuwa ameshika kitambaa tayari. Hakuwahi. Mzee aliunyoosha mkono wake wa kulia juu ya bakuli mbele ya wakwe zake, kama anavyounyoosha mwanamume yeyote, akasema, "Mimina, bwana."

Kibwana akamimina.

Kwa muda mkono ulitii. Mzee akasema bismillahi, akafinyanga tonge, akalinyanyua, na uso wake ukawa uso wa zamani, Mtoro aliuona. Kisha ndani ya kiganja pakalia kitu, pakanuka waya ulioungua, na vidole vikabana tonge vikakataa kufumbua. Mzee alilegeza kwapa. Akalegeza tena. Mafuta ya biriani yalimchuruzika mpaka kwenye kanzu, na sinia zima likaacha kula.

"Tutakungoja, mkwe," alisema Mzee Sadallah kwa upole.

Mzee Bwanausi akainuka. "Kuleni jamani," alisema, "mimi nimeshiba."

Mtoro alimkuta uani, nyuma ya jiko, akapiga magoti na bisibisi, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, na wali ukaanguka mchangani.

"Baba, si nilikwambia maji hapana?"

"Uliniambia. Lakini ningeutiaje mkono usionawa kwenye sinia la watu?"

Mtoro aliiweka bisibisi chini. Tangu utotoni hakuwahi kugusa chakula cha nyumba hii kabla ya kumiminiwa maji. Alikuwa amefikiria uzito, waya, mpira na betri, na miaka yote hiyo bwaloni alikuwa akila kwa kijiko.

Alirudi chuoni akauziba mkono kwa mpira kila kiungo. Aliumwagia ndoo nzima ya maji, nao ukafumba na kufumbua kama kawaida. Wenzake wakapiga makofi. Idi ilipokaribia akaupeleka Kaole.

Mzee aliupokea, akausifu kwa dhati, kisha akautundika kwenye msumari karibu na mlango.

"Hutauvaa, baba?"

"Ni mzuri sana, mwanangu. Lakini nina binti mmoja tu, na nimeshamwoza."

Wali ukapakuliwa. Mzee akachukua sahani yake, akaingia chumbani, na Mtoro akasikia komeo likitiwa.