Mwenyeji wa Unguja

Mwalimu Damiani alikuwa mwenyeji wa Unguja. Hilo halikuwa na ubishi Ifakara nzima, kwa kuwa mwenyewe ndiye aliyelisema, tena kwa miaka ishirini na tatu. Kabla ya kumuoa Marsiana alikaa huko miaka miwili, karani wa bandarini, akitafuta mahari. Marsiana alimsubiri, akakataa wachumba wawili, mmoja ana baiskeli mpya kabisa. Basi kina mama wa parokia walipopanga kwenda kutembelea Mji Mkongwe, mwaka 1996, nani mwingine angewaongoza?

Walishuka treni Dar, wakapanda boti, wakatapika kwa zamu. Mwenyeji alitapika kuliko wote, akaeleza kwamba bahari ya siku hizi imeharibika.

Mjini akachangamka. Ngome Kongwe aliitambulisha kuwa gereji ya Sultani, mpaka mlinzi akamsahihisha. Misumari ya shaba kwenye milango, alisema, ni ya kutundikia makoti. Marsiana alicheka na wenzake, lakini akaanza kuhesabu. Karani wa bandarini alikuwa ameuliza njia ya bandarini mara mbili.

Walikuwa na mchele wa shukrani, maana mtu wa Ifakara haendi kusali ugenini mikono mitupu. Damiani akawapeleka Mkunazini, kwenye kanisa kubwa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa.

"Hapa nilisali kila Jumapili," akasema.

Altare ipo, ubani unanukia, nani aulize? Kina mama wakajitwika nyungo za mchele, wakacheza matoleo hadi mbele kwa vigelegele, watalii wakipiga picha. Padri akapokea kwa furaha, kisha akamwita mama mmoja aliyekuwa akipanga maua.

"Mke wangu, njoo tuwashukuru wageni."

Vigelegele vikakatika. Bernadetha, mwenyekiti wa kina mama, akafanya ishara ya msalaba.

"Baba, una mke?"

"Na watoto wanne, mama. Sisi Waanglikana tunaoa."

"Enzi zangu lilikuwa la Katoliki," Damiani akadakia.

"Hapana, mwalimu," padri akasema kwa upole. "Ni letu tangu msingi, miaka mia na zaidi."

Mchele haukudaiwa; mtu angeanzaje? Kina mama walitoka wakibishana kama thawabu huhamishika. Marsiana akamvuta mumewe pembeni. Hasira ilikuwa bado njiani. Kilichotangulia ni hofu.

"Baba Oliva, wewe hujawahi kufika hapa."

Damiani akajifanya anasoma kibao cha ukutani.

"Miaka miwili nilikungoja. Ulikuwa wapi?"

"Kiberege," akasema, akiangalia viatu vyake.

Kiberege! Ukitoka Ifakara asubuhi kwa baiskeli, unafika jua halijawa kali. Mara ngapi Marsiana alipita pale ndani ya basi, rozari mkononi, akimwombea mchumba wake asizame baharini!

"Na nani?" Marsiana akauliza.

Kiongozi wa msafara akamgeukia mpita njia, akauliza njia ya bandarini kwa mara ya tatu.